Mwalimu Aliyeuchora Ukoo Wake Ubaoni

Mwalimu wetu wa baiolojia wa masomo ya jioni alikuwa mrefu kiasi kwamba mvua ikija Bariadi yeye ndiye aliyelowa kwanza, kisha anatutangazia. Nimetia chumvi, lakini kidogo tu. Mlangoni aliinama kama anayeingia zizini, na darasa lenyewe lilikuwa la shule ya msingi, tunaliazima watoto wakishakwenda kwao, madawati ya kimo cha watoto wa darasa la pili. Wanafunzi tulikuwa watu wazima wenye ndevu na vitambi: askari magereza, muuza nyama, muuguzi, mama ntilie mwenye sauti ya tarumbeta, na mimi muuza mitumba. Tulikaa magoti yakigusa masikio. Yeye anawasha karabai, anaitundika, anatukagua mmoja mmoja, halafu anasema, "Mwadila, wasomi." Tunaitikia salamu kwa Kisukuma, vicheko vinaisha, baiolojia inaanza.

Jina lake sitalitaja. Alikuwa pacha, na kwetu Usukumani pacha hana jina la kujificha: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, basi. Sitasema yeye alikuwa yupi. Mji mzima ulimwita Mwalimu, na akishapita, Mwalimu wa Vichwa.

Vichwa vilitokana na somo la urithi. Lilikuwemo kwenye mtihani, lakini si kwa wingi ule tuliofundishwa. Mimea tuliimaliza jioni moja: mizizi, majani, maua, kwaheri. Kwenye urithi tuliingia pamba ikiwa inapandwa, tukatoka imeshavunwa na imeshapakiwa kwenye malori.

"Mkisikia urithi mnawaza ng'ombe," alisema. "Ng'ombe ni wa kugombania na wajomba. Urithi ninaousema mimi haugombaniwi, wala huwezi kuukataa kikaoni. Uko humu." Akajigonga kipaji cha uso kwa chaki, kikabaki kidoa cheupe mpaka mwisho wa kipindi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku moja alipandisha baiskeli yake mezani, magurudumu juu, akazungusha pedeli kwa mkono mpaka taa ya dainamo ikawaka. Akasema ubongo nao una umeme, tena si wa mfano, ni umeme hasa. Ng'ambo watu wanabandikwa nyaya kichwani, mashine inachora mawimbi ya huo umeme. Na kuna watoto waliozaliwa katika koo za walevi, hata tone hawajaonja, ambao baadhi ya mawimbi yao hayapandi juu kama ya wenzao.

Muuza nyama hakuvumilia. "Mwalimu, yaani pombe inakaa kichwani kabla hujainywa?"

"Pombe haikai," akasema Mwalimu. "Kinachokaa ni kiti chake."

Tulicheka nusura madawati yavunjike. Yeye hakucheka. Alingoja tunyamaze, kisha akaeleza jambo ambalo mpaka leo nikipita penye vijana na chupa linanisimamisha. Chukua vijana wawili wa miaka kumi na minne, alisema, wape kibuyu kimoja. Wa kwanza baada ya kidogo anatapika, anaanguka, wazee wanamcheka. Wa pili anakunywa sawasawa na mwenzake, halafu anasimama wima, anawapeleka ng'ombe mtoni na kuwarudisha, hata ndama hajapotea. Wazee wanafanyaje?

"Wanampigia makofi!" akajibu mama ntilie. "Huyo ana kichwa kigumu. Huyo ndiye mwanamume."

"Aliyetapika amepona," Mwalimu akasema. "Mgonjwa ni aliyesimama. Kila mtu ana mlinzi kichwani wa kumwambia imetosha. Wa yule wa kwanza anapiga kelele mapema. Wa huyu wa pili ni bubu, kazaliwa bubu. Naye ni kijana, ubongo wake bado nyumba inayojengwa, fundi yuko juu ya ngazi, na ninyi mnampigia makofi mwenye nyumba amwagie maji ukuta mbichi."

Hayo yalikuwa matusi makubwa kwa Bariadi. Kichwa kigumu, shuleni ni ujinga. Lakini penye kibuyu ni sifa anayosifiwa mtu mpaka kaburini. Yeye aliligeuza neno hilo likawa ugonjwa. Kuna wazee walioacha kumwamkia kwa hilo tu.

Na ilikuwa miaka mibaya ya kusema hayo. Ndiyo kwanza ruksa ya biashara huria imeingia. Kabla ya hapo bia ilikuwa kama mgeni wa serikali: inakuja kwa kibali, inakaa siku moja, inaondoka. Ghafla yakaja malori yenye kreti mpaka angani. Baa zikafunguliwa nyingi kuliko vyoo. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na mizani yao na miwani yao ya jua, na vijana waliowabebea marobota wakishukuriwa kwa chupa. Mimi nasema ruksa oyee, maana bila ruksa ningeuza nini? Belo langu la kwanza la mitumba nililipokea kama mtoto mchanga. Lakini Mwalimu alikuwa akipita barabara ya sokoni jioni, akiona vijana wa shule wamekaa kwenye kreti tupu, anatembea kama mtu mwenye kokoto kwenye viatu vyote viwili.

Kwenye sherehe alikuja na chupa yake ya chai. Popote: harusi, ubarikio, kumuaga ofisa. Anasalimia wote vizuri, anawauliza habari za mifugo kwa kuitaja rangi rangi, halafu anakaa pembeni na kimfuniko chake cha chai. Ukimpelekea soda anashukuru, haifungui. Mama ntilie alimwambia siku moja, "Mwalimu, wewe ukifa tutakuosha kwa majani ya chai." Akacheka sana, lakini chai aliendelea kuinywa peke yake. Mimi niliwahi kumfuata kule pembeni. Nilikaa naye kidogo, nyama ikaanza kugawiwa, nikaondoka. Ndivyo tulivyokuwa wote: tulimpenda, na nyama ikigawiwa tunaondoka.

Basi, ungefikiri mtu wa namna hiyo hajui pombe. Kumbe aliijua kuliko waipikao. Tukipita uani kwa watu ananusa hewa, anasema, "Hii ya mtama, bado kesho." Akipita kwa mwingine, "Hii wanzuki, wameipunja asali." Nikamuuliza kajuaje.

"Nilikunywa nikiwa na miaka kumi na minne," akasema. "Nikasimama wima."

"Wewe?"

"Mimi na mwenzangu. Walitupigia makofi wote wawili. Nyumbani kwetu mapacha hawabaguliwi. Akipewa huyu apewe na yule, asije mmoja akaugua kwa kijicho. Kwa hiyo tulipewa sawa, tukasimama sawa." Akatembea kidogo. "Mwaka ule lori la shule ya bweni lilichukua mtoto mmoja kutoka kijijini. Likanichukua mimi. Mwenzangu akabaki na ng'ombe na kibuyu. Kichwa ni kilekile, ndugu yangu. Ukitafuta tofauti yetu, ni lori."

Huyo pacha wake ndiye aliyekuwa kazi yake ya kila Jumapili. Aliishi naye mjini kwa muda, akifanya vibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na Jumapili alilala kilabuni. Mwalimu anakwenda kumchukua kwa baiskeli. Ilikuwa sinema. Watu wawili wenye sura moja, urefu mmoja, miguu mirefu ya kuburuza, mmoja anaendesha na mmoja amelala mgongoni kwake kwenye keria. Wahuni wa stendi wanapiga mluzi: "Mwalimu, unajibeba mwenyewe!"

"Afadhali mimi nina wa kunibeba," anawajibu, bila kupunguza mwendo.

Hakuoa. Mama ntilie alimletea wachumba mpaka akachoka, wanene kwa wembamba. Alikuwa anawakaribisha kwa heshima, anawamiminia chai, anawasindikiza. Mwishowe akamwambia mama yule wazi: "Mbegu hii nimeiona inavyoota. Siipandi." Mama ntilie alitoka pale analia, na yeye si mtu wa kulia. Alisema, "Huyu mtu anajihesabu kama ng'ombe mgonjwa."

Pacha alipofariki tulikwenda kuzika Lalago, kijijini kwao, darasa zima nyuma ya lori la pamba. Baada ya maziko wazee wa ukoo walikaa, wakaleta pombe kwenye kata. Ilikuwa sehemu ya marehemu. Kwa kuwa mapacha hawabaguliwi, aliyebaki humnywea mwenziwe aliyekwenda, ndipo wanaagana. Kata ikaletwa mbele ya Mwalimu. 

"Siwezi," akasema.

"Si yako, ni ya mwenzio," shangazi yake akamwambia kwa upole kabisa. "Unamnywea tu."

"Ndiyo maana siwezi, shangazi. Ikifika kichwani haitajua ni ya nani."

Shangazi akaimwaga chini ile kata, taratibu. "Basi umemwacha na kiu," akasema. Hakuna aliyeinua sauti. Lakini tangu siku ile sikuona mtu wa Lalago akipiga hodi kwa Mwalimu. Watu wa kwao wakija mjini kuuza pamba walilala gesti, nyumba ya ndugu yao ipo, kitanda kipo, chai ipo.

Isipokuwa mmoja. Marehemu aliacha binti, na binti alifaulu kwenda sekondari, na sekondari ilikuwa Bariadi. Akaja na sanduku la bati kukaa kwa Mwalimu. Alimwita baba tu, bila mkubwa wala mdogo, kwa sababu sura ilikuwa ileile aliyoizika.

Mungu anisamehe kwa uwongo wangu mwingine wote, hili ni kweli: ile nyumba ilibadilika rangi. Binti alikuwa anaimba vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, na anaimba kutwa. Alibishana na Mwalimu juu ya kila kitu, mpaka juu ya mbuzi ana matumbo mangapi, na mara nyingine alishinda. Mwalimu akaanza kuja kwangu kuchagua magauni. Anashika gauni mkononi kama anayeshika nyoka, ananiuliza, "Wasichana wanavaa hivi?" Namwambia wanavaa. Jioni darasani akawa anachekacheka peke yake akiandika. Tukasema, huyu sasa amepata watu.

Likizo ya mavuno binti akaenda Lalago kuwasalimia. Alipokuwa huko, mjomba wake mmoja akaja Bariadi na pamba, akakutana na Mwalimu mbele ya kibanda changu. Alikuwa mcheshi, na habari yake aliileta kama zawadi.

"Aisee, mtoto wa pacha ana kichwa! Vijana wamekunywa siku ya kupura mtama, wenzake wote chali, yeye kaosha vyombo na kufagia uwanja. Baba yake mtupu!"

Binti alikuwa na miaka kumi na minne. Mwalimu alimshukuru mjomba kwa salamu, akachukua baiskeli yake, akaisukuma mpaka kwake bila kuipanda.

Angeweza kukaa na mtoto, wakazungumza. Mtu mwingine yeyote angemchapa, yakaisha, au angenyamaza, yakaisha. Yeye alikuwa mwalimu. Wiki ile shule zilipofunguliwa, jioni, aliingia darasani kwetu na kusema tunarudia urithi kwa ajili ya mtihani, kisha akachora ukoo ubaoni. Wanaume viboksi, wanawake viduara, mistari ya ndoa, mistari ya uzazi. Hakuandika jina. Vya waliokunywa mpaka ikawaua alivijaza chaki, vikawa vyeupe pe. Babu amejazwa. Ami wawili wamejazwa. Chini yao viboksi viwili vilivyobanana vya mapacha: kimoja amekijaza, kingine amekiacha kitupu. Tukaelewa wote, na darasa likapoa. Kisha chini ya kile kilichojazwa akachora kiduara kimoja, kidogo, na akiwa anaendelea kueleza, mkono wake ukakijaza.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameleta mafuta ya karabai, kama kawaida.

"Baba," akasema, "mbona mimi umeshanijaza?"

Mwalimu akageuka. "Ni mfano," akasema.

"Mfano wa nani?"

"Ni somo, mama. Nikikijaza nina maana kwamba kichwa kinachorithiwa..."

"Na wewe je?" Hakupaza sauti. Alionyesha ubao kwa chupa ya mafuta. "Wewe na baba mlikuwa kichwa kimoja, umewafundisha mwenyewe, mji mzima unajua. Kichwa kilekile. Cha kwako mbona umekiacha kitupu?"

Nilimtazama Mwalimu. Wote tulimtazama. Jibu lilikuwa hapo hapo ubaoni, limechorwa kwa mkono wake: kichwa kilikuwa kile kile na mtu hakuanguka. Angesema, kweli mwanangu, mimi ni kiboksi kitupu, na wewe bado hujajazwa na mtu. Alikuwa na nafasi ya kusema. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa baiolojia.

"Mimi niliacha mapema," akasema. "Uwezekano kwako..."

Binti akaweka chupa ya mafuta juu ya dawati la muuguzi, akapiga goti kidogo kutuaga sisi watu wazima, akaondoka. Mama ntilie akasema, "Mwalimu, mfuate." Mwalimu akafuta kile kiduara kwa kiganja. Kikabaki wingu. Akafuta tena. Halafu akaendelea na somo mpaka mwisho wa kipindi, na sidhani kama kuna aliyesikia neno.

Haikupita wiki, binti alikwenda Lamadi kwa mama yake mdogo aliyekuwa akifanya biashara ya dagaa. Sanduku la bati alilichukua. Magauni aliyaacha yamekunjwa.

Mtihani tulifanya. Mimi nilifaulu, tena baiolojia nilipata alama nzuri ambayo nikiieleza huwa inapanda kila mwaka. Mwalimu aliendelea kufundisha kundi jipya, na kundi jingine. Urithi akaufundisha jioni moja tu, haraka haraka, kama mimea. Nilikuwa nikipita kumsalimu. Nyumba imefagiwa, kimya, redio imezimwa. Nikimwambia twende kwangu ukale na watoto, anasema keshokutwa. Siku moja nilimkuta anajaribu kuimba. Aliponiona akajifanya anakohoa.

Miaka ikaenda. Nikawa nazunguka na belo zangu kwenye minada, na mnada wa Lamadi ulinipenda, kwa sababu watu wa ziwani wana pesa na hawabishani. Mchana mmoja wa jua la kuunguza unyoya, nikaona kichwa kinakuja juu ya vichwa vya watu wote. Alikuwa amestaafu, amekonda, nywele mvi tupu.

"Nimekuja kununua koti," akasema.

"Mwalimu! Koti? Na jua hili? Hapa hata mbwa wamevua manyoya."

Akashika koti moja, akalirudisha. "Unapajua anapokaa mtoto?"

Kila mtu alikuwa anapajua. Nikamwachia jirani biashara, tukashuka upande wa ziwani. Njiani nikamwambia, "Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Ukifika usimwulize kama anakunywa."

"Nimwulize nini sasa?"

"Mwulize habari."

"Habari yenyewe ndiyo hiyo," akasema.

Tulimkuta kwenye uwanja wa kukaushia, mwanamke mzima, kanga kiunoni, anapima dagaa kwa debe huku wanawake wawili wakifunga magunia. Dagaa wametandazwa juu ya nyavu mpaka macho yanapoishia. Alipotuona aliweka debe chini, akafuta mikono, akapiga goti kama alivyofundishwa Lalago.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alivyosema Mwalimu, mzee wangu aligeuka nyuma, kama kuna mwalimu mwingine aliyekuja naye. Kisha akaitikia marahaba. Tukaletewa vigoda. Binti akauliza tumekuja na gari gani, tukamwambia. Akauliza mvua za Bariadi, nikamwambia mimi, nikazizidisha. Mwalimu alikuwa anatazama uso wake, macho, mikono, jinsi anavyosimama. Nilimwona anavyompima na nikajua haitachelewa.

"Je, wewe," akasema, "siku hizi... huwa unatumia?"

Wale wanawake wa magunia waliacha kufunga. Binti hakukasirika. Nadhani alikuwa amelingoja swali hilo miaka yote, akalizoea.

"Hilo sitajibu," akasema. "Si kwamba nina la kuficha. Nikisema ndiyo, utasema nilijua. Nikisema hapana, utasema bado. Uliza mengine."

 Nilimtazama Mwalimu, nikaona jambo la kusikitisha kuliko yote niliyowahi kuyaona kwake, kuliko ile kata, kuliko ule ubao. Hakuwa na mengine. Alitafuta, midomo ikichezacheza, na hakuwa na hata moja. Kumbe kwa miaka yote alikuwa amemfikiria mtoto huyu kila siku, na alichokuwa akifikiria ni kichwa chake tu.

Huko juu barabarani pikapu ya kurudi Bariadi ilipiga honi. Nikasimama. Yeye hakusimama. Alikaa na magoti yake marefu, akawatazama wale dagaa, akawatazama muda. Halafu mzee yule, aliyekuwa amefundisha nusu ya mji, akanyoosha kidole juu, taratibu, akangoja aruhusiwe.

Binti akakitazama kile kidole. "Sema," akamwambia.

"Hawa dagaa. Huwa mnawageuza, au mnawaacha wakauke upande mmoja?"

Honi ikalia tena.  Binti akaokota reki iliyokuwa chini, akamshikisha mkononi.

"Wanageuzwa," akasema. "Njoo nikuonyeshe. Usiwakanyage."

Pikapu niliipanda peke yangu.